Operesheni Ziro Panguapangua

Kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, kontena lolote litakalowekwa katika Yadi ya Bonde Kavu, hapa Mai Mahiu, halitasumbuliwa tena na binadamu. Hivyo ndivyo tangazo lilisema, na lilikuwa na mihuri mitatu, kwa hivyo si mchezo.

Panguapangua, kama hujui, ni ile kazi ya kushusha kontena nne za juu ndio ufikie moja ya chini. Unashusha, unarudisha, dizeli inaisha, lori linangoja. Meneja wa yadi, Bwana Ndegwa, aliona hiyo aibu kwa ripoti akaamua kuimaliza kwa njia ya kisasa kabisa: aliikataza.

Chepkirui, opereta wa ile mashine kubwa ya kubeba kontena, alisoma tangazo mara mbili. Miaka mitatu alikuwa getini akiandika namba za malori, vumbi mpaka kwa meno. Sasa yuko juu kwa mashine, na ukikaa huko hata Mlima Longonot unauona kama jirani. Tangazo lilisema: atakayesababisha panguapangua, hata awe nani, anaenda getini mwezi mzima. Hayo maneno "hata awe nani" Bwana Ndegwa aliyaongeza mwenyewe kwa kalamu.

Na Chepkirui alikuwa na njia yake. Kila asubuhi alipigia madereva simu.

"Kipkemei, unachukua lini?"

"Ijumaa, madam. Mwenye mzigo bado anafuata karatasi."

Basi hiyo ya Ijumaa inaenda chini, ya kesho inakaa juu. Daftari, biro na bando ya simu ya shilingi mia. Panguapangua ilikuwa mbili, tatu hivi kwa siku.

"Huo si mfumo," Bwana Ndegwa akamwambia. "Huo ni umbea."

Kamati aliyoiunda ilijifungia hotelini Naivasha siku nne, ikatoka na mfumo: kontena zipangwe kwa protokali, kama kwa sherehe yoyote. Wakubwa kwanza, wengine wafuate.

"Lakini bosi, anayewekwa kwanza ndiye anakaa chini kabisa."

"Chepkirui, ushawahi kuona mgeni rasmi akikalishwa mwisho?"

"Hapana, bosi. Lakini huwa hawakaliani."

Hilo liliandikwa kwa faili yake kama utovu wa nidhamu.

Ukweli usemwe, mfumo ulifanya kazi. Siku arobaini na moja, panguapangua ziro. Mizigo ya wakubwa ilitulia huko chini salama kabisa, hata wenyewe hawangeweza kuigusa. Mheshimiwa mmoja wa Molo alituma lori mara sita kuchukua mashine za kukamua maziwa. Akaandikiwa barua kwamba mzigo wake umepewa nafasi ya heshima. Ng'ombe hawakuandikiwa.

Nairobi wakafurahi. Mkurugenzi Mkuu, Bi Najwa, akasema atakuja Alhamisi saa nne kukabidhi kombe.

Alhamisi saa mbili unusu, Bwana Ndegwa alifika kwa mashine mbio, tai imehamia begani.

"Chepkirui, nitolee ile ya bluu."

"Gani, bosi?"

"Ya chini. Yangu. Tenti ziko ndani, viti, zulia, na kombe walilotuma Nairobi."

"Iko na nne juu yake."

"Si uzishushe?"

"Hiyo ni panguapangua, bosi."

"Hapana. Huo ni usogezaji wa muda kwa maslahi ya taifa."

Chepkirui akatoa fomu ya panguapangua. "Hapa hakuna mahali pa kuandika hivyo. Kuna tu 'jina la aliyeagiza'."

"Weka lako. Tutaelewana baadaye."

Chepkirui akaangalia geti. Lori lilikuwa linapita na vumbi lake lote. Miaka mitatu.

"Mimi sijaagiza, bosi," akasema polepole, na akazima injini.

Simu ya meneja ikalia. Msafara wa Bi Najwa ulikuwa umeanza kuteremka eskapmenti, ule mteremko wa kuingia Mai Mahiu. Bwana Ndegwa akaangalia kontena, akaangalia barabara, akanyakua biro. Akatia sahihi kama mtu anayechomwa sindano.

Sherehe ilifana. Bi Najwa alisifu kila kitu, kisha akaomba kuona faili, maana yeye ni mtu wa faili. Fomu ya asubuhi ilikuwa juu kabisa.

"Panguapangua nne, leo," akasoma. "Aliyeagiza, Ndegwa." Akageuza ukurasa, akakuta lile tangazo. "'Hata awe nani.' Hii nimeipenda sana. Nani aliiandika?"

Bwana Ndegwa akainua mkono, uleule ulioshika kombe.

Jumatatu, Kipkemei alisimamisha lori lenye kontena getini akakuta mtu wa suti na daftari la Chepkirui, vumbi mpaka kwa meno.

"Niaje, bosi. Wewe ni mgeni hapa?"

"Unachukua lini?" Bwana Ndegwa akauliza.

"Jumamosi."

Akaandika. Akafuta jasho na tai, akageukia yadi na kupaza sauti: "Chepkirui, hii ya Kipkemei iende chini."

Kutoka juu kwa mashine jibu likashuka polepole. "Huo ni umbea, bosi. Ama ni mfumo?"