Moto wa Figo za Mama Isabela

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Ndanda, hospitalini. Mke wangu Getrude, Mama Isabela, amelazwa. Aliharisha na kutapika kule Newala, bado akang'ang'ania kuokota korosho juani, sasa figo zimegoma. Mkojo hautoki. Niandike wazi: naogopa.

Shemeji Dunstan amefika na kopo la glukosi. Tangu apate kazi kwa wanunuzi binafsi wa korosho haendi mahali bila kopo la kitu. Ameliweka juu ya kabati, lebo inatazama mlangoni. Mimi nilileta ndizi. Zimeiva kupita kiasi.

Jumanne, 4 Oktoba
Habari njema. Muuguzi Veridiana ametueleza mimi na Dunstan. Ndani ya figo mna vimirija vidogo mno, na kuta zake ni chembe hai zisizolala. Damu ikichujwa, zenyewe zinarudisha chumvi, sukari na maji mwilini kabla havijamwagwa. Kazi hiyo inataka moto, na kuni zake hasa ni mafuta. Sukari zinaiokota tu na kuirudisha kwenye damu, zenyewe hazina haja nayo sana. Nilimtazama Dunstan. Kisha nikalitazama kopo lake.

Muuguzi alisema na mengine, kuhusu hewa na maji, lakini nilikuwa nimeshatoka kutafuta kondoo.

Jumatano, 5 Oktoba
Supu ya mkia wa kondoo. Saa yangu ya mkononi imebaki Lukuledi kwa mwenye kondoo. Getrude alikunywa vijiko viwili kwa heshima ya ndoa, akatapika vyote.

Muuguzi akaniita barazani. Chembe za Mama Isabela zilikosa damu alipokaukiwa maji, na damu ndiyo inayobeba hewa. Bila hewa haziwezi kuchoma mafuta. Zinapunguza moto ili zisife, mafuta yanalundikana humo humo. Jiko limejaa moshi, akasema, na mimi naongeza kuni. Damu ikirudi vizuri zitawasha moto zenyewe, kidogo kidogo, kwa kadiri ya kazi. Dunstan alikuwa mlangoni, anakoroga glukosi. Amesikia yote.

Alhamisi, 6 Oktoba
Kumbe tatizo ni hewa! Nimeazima ungo kwa mama wa kitanda cha jirani, nikamlaza Getrude ubavu, nikampepea kiunoni. Wodi nzima ikageuka kututazama. Mabega yake yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka tangu augue. Nikapepea mpaka mkono ukafa ganzi.

Muuguzi amenipokonya ungo. Hewa inaingilia puani, inabebwa na damu, na damu inataka maji, ndiyo maana anampimia vikombe. Ila anashangaa: vikombe vinarudi vitupu, na ulimi wa mgonjwa bado mkavu.

Ijumaa, 7 Oktoba
Nilidondosha kijiko, nikainama. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, lipo dumu letu la maji tulilokuja nalo kutoka nyumbani. Linakaribia kujaa.

Nikamuuliza Getrude. Akageukia ukutani. Akasema tangi la nyumbani limekauka, mvua bado, na goti langu halifai tena kushuka bondeni na kupanda na ndoo. Huku maji yanatoka bombani bure. Angeyanywaje peke yake? Alikuwa ananiwekea mimi.

Sisi watu wa Newala tuna mkono mzito kwa maji. Mgeni akiomba glasi ya pili tunamsema mwezi mzima. Lakini hili limenizidi. Nimelia nyuma ya jiko la hospitali, kisha nikarudi nikamnywesha kikombe kimoja baada ya kingine, kama Muuguzi alivyopima, macho yangu kooni mwake. Hata Dunstan alishika kikombe. Nilimruhusu.

Jumatatu, 10 Oktoba
Mkojo umetoka. Nimemtangazia kila mtu barazani, hata katekista aliyekuja kumwona mgonjwa mwingine. Muuguzi anasema ni maji. Dunstan anasema ni glukosi. Mimi najua ni ungo.

Jumamosi, 22 Oktoba
Newala. Mke wangu yuko nyumbani, na nyumba imekuwa nyumba tena. Nimemwapisha: hakuna kuweka akiba, anywe. Anakunywa. Sharti lake ni moja, kwamba nami ninywe mbele yake, kikombe kwa kikombe. Anasema asinione nakauka kama alivyokauka yeye. Nimekubali. Nainua kikombe, nameza mate, na akigeuka nayarudisha maji kwenye mtungi wake. Katika mipango yangu yote huu ndio safi kuliko mingine. Hajagundua.

Korosho naokota peke yangu siku hizi. Jua kali. Kichwa kinagonga, na mkojo umekuwa rangi ya chai kavu, tena haba. Si kitu. Kesho nitaazima ungo.