Kifaru Kilichosamehewa Mlangoni Pangu

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,

Shikamoo, na pole kwa safari za kutuombea huko ng'ambo. Mimi ni mjane, fundi cherehani, nyumba ya pembeni mwa soko. Tangu vita viishe, kifaru cha jeshi letu kimelala mlangoni pangu. Kilizimika hapo, askari wakashuka, wakaniomba maji ya kunywa, wakaenda zao kwa miguu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja wangu hupitia dirishani. Bibi harusi mmoja alikwama, gauni likachanika, nikalishona akiwa humohumo, nusu ndani nusu nje.

2. Nilimwendea ofisa wako nikaomba kiondolewe. Akasema, "Mama, kile kilinunuliwa kwa mkopo wa nje. Mpaka deni liishe, ni dhamana. Usikiguse." Nikarudi nikakipangusa vumbi, maana mali ya watu ni ya watu.

3. Juzi redio ilitangaza kwamba tumesamehewa deni. Nilipiga vigelegele mpaka jirani yangu kinyozi akadhani nimeposwa. Asubuhi nikawa wa kwanza ofisini. Ofisa yuleyule akaniambia, "Sasa deni halipo, na kifaru kimefutwa vitabuni. Hatuwezi kuondoa kitu ambacho hakipo."

4. Kitu hicho kisichokuwepo kimepata mpangaji. Shemeji yangu amehamia humo na godoro lake. Nikimwambia atafute kazi, anafunga kifuniko.

5. Mume wangu aliuawa na kombora la kifaru hichohicho. Walimlenga adui, wakampata yeye akitoka kununua vifungo. Kama na kombora lile lilikuwa la mkopo, naomba kujua iwapo nalo limesamehewa, na ni nani aliyesamehe, maana huku kwetu hakuna aliyekuja kuomba msamaha.

Kwa hiyo naomba kiondolewe. Kama haiwezekani, nifutieni kodi ya biashara, kwa kuwa duka lisilo na mlango nalo halipo.

Wasalimie mkeo, watoto, makarani wako wote, na hao waliotusamehe.

Ni mimi raia wako mvumilivu,
Mama Gauni

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, limefika gari lenu la winchi kukivuta. Dereva anasema ni jipya, la mkopo wa kujenga nchi upya. Limevuta mara moja, likazimika, limeziba mlango wa kinyozi. Tafadhali usisome hayo ya juu. Kifaru nimekwisha kukizoea. Ila kinyozi anaomba anwani yako.