Uzinduzi wa Dawa ya Mafua ya Kuvuta, Rutamba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Mtendaji wa Kata, Sheikh wetu mpendwa, muuguzi wa zahanati Bi Dativa, wazee wangu, shikamooni (Marahaba!), na wadau wote wa sekta ya pua na koo, itifaki imezingatiwa.

Mimi, Abdulatifu Mkwanda, Mratibu Mkuu wa Mradi Shirikishi wa Dawa ya Mafua ya Kuvuta kwa Mdomo, nimesimama hapa na koti langu katika joto hili niwatangazie kwamba homa ya mafua iliyowalaza wengi wenu msimu mzima wa korosho sasa imepata kiboko, kwani dawa hii hainywewi wala haichomwi, bali unaivuta na pumzi, inashuka mapafuni, inamdaka kirusi akiwa bado anatafuta pa kukaa. (Makofi.) Kwa mujibu wa data zetu, mafua yatapungua kwa asilimia mia moja na nne, maana yake watapona hata ambao hawajaugua! (Vigelegele. Mtu anapiga chafya.)

Naona mama kanyoosha mkono. Sema, Mama Mwahija. Anasema mumewe, Mzee Likwata, kaanza homa jana, mwili wote unamuuma, na Bi Dativa kamwambia dawa hii husaidia ikiwahiwa mapema, ndiyo maana kamkokota mpaka hapa avute. (Makofi marefu.) Huo ndio uelewa! Mzee Likwata, sogea. Kaa. Panua mdomo. Vuta! (Mzee anatazama huku na huku.)

Anauliza avute nini. Mzee wangu, hii ni fezi ya kwanza, ya uhamasishaji. Dawa imo fezi ya tano. (Miguno.)

Mama Mwahija, usipaze sauti. Nimesikia: "Nimemtoa mgonjwa kitandani aje kuvuta hewa?" Hewa ya Rutamba ni safi, mama! (Vicheko.) Bi Dativa, naona unamshika mzee mkono kumpeleka zahanati. Vizuri sana, na hilo tutaliingiza kwenye mafanikio ya mradi.

Mafua! (Nje!) Vifua! (Vyepesi!) Mzee Likwata! (Pole!)

Nawashukuru wafadhili wetu, popote walipo, ambao bado hatujafahamiana nao. Nanyi wananchi nawashukuru kwa kuacha mashamba mkaja kuuzindua mradi huu, na nawaahidi kwamba Jumatatu nikifika ofisini, jambo la kwanza nitamuuliza mkubwa wangu kama tunaruhusiwa kuuanzisha.