Vigelegele Mlangoni mwa Kanisa

Leo nimeadhirika, tena nchi ya watu! Shoga zangu wa Ibra na Nizwa, huko kwetu Omani, kaeni nikuhadithieni. (Hii kompyuta ya hoteli herufi zake wamezipanga wanavyojua wenyewe, nikikosea nisameheni.)

Mnajua tuko Ufaransa. Nasra, kitinda mimba wetu, alipoolewa akahamia Sur, nyumba ilibaki kimya. Baba yake tangu astaafu hana maneno. Akienda gereji kule Firq kutengeneza gari, huzungumza na fundi kuliko anavyozungumza na mimi. Nasra akatukatia safari. "Mama, nendeni mkakae wawili, mtazungumza." Kaona picha mtandaoni, mashamba ya zabibu kijani kitupu, na bei ya kutupa.

Kumbe bei ya kutupa kwa sababu si msimu wake! Mizabibu imekatwa, vimebaki visiki vyeusi. Mikahawa imefungwa. Hata pale panapouzwa mvinyo pamefungwa (tumetoka Nizwa mpaka huku kutazama haramu iliyotiwa kufuli!). Hotelini tuko sisi tu. Wiki nzima tunazunguka na gari, na mazungumzo yetu ndiyo haya: "Kulia?" "Kushoto." "Haya." Nilikuwa mpweke, shoga zangu, na mume nimekaa naye kiti kwa kiti.

Leo asubuhi tukaingia kijiji kimoja, kengele zinalia. Nikaona watu! Wengi, nje ya kanisa! Pana gari refu limejaa maua mpaka juu ya paa. Wanawake wanakumbatiana, wanabusiana, wengine wanafuta machozi. Wote wamevaa nyeusi. (Sasa mimi na abaya langu, nyeusi ndiyo nguo yangu ya sokoni na ya harusini. Ningejuaje?) Kwetu gari la maua ni la bibi harusi, na mama wa bibi harusi sharti alie. Mimi kwa Nasra nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni.

"Simamisha gari, Baba Nasra! Harusi!"

"Ya nani?"

"Ya watu!"

"Hatukualikwa."

"Tangu lini mtu akapita kwenye harusi asitie baraka? Yallah, simama!"

Akasimama. Nikashuka mbio na baridi ile. Mlango wa kanisa ukafunguliwa, nikavuta pumzi, nikapiga vigelegele. Vya Unguja hasa, vile alivyonifunza mama! Watu wote wakageuka. Nikadhani wamefurahi, nikaongeza.

Likatoka jeneza.

Wallahi jeneza, limebebwa mabegani! Nyuma yake mzee mmoja peke yake, kofia mkononi. Kigelegele kikanifia kooni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akanitazama, akaja moja kwa moja niliposimama. Nikasema moyoni, leo napigwa mbele ya kadamnasi.

Baba Nasra alikuwa ameshashuka. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Mzee akamwitikia kwa kichwa. Kisha akanishika mikono yangu yote miwili, akanambia maneno mengi ya Kifaransa, taratibu, kama tunajuana. Sikufahamu hata moja. Lakini wiki nzima hapana mtu aliyenisemesha vile, na mimi nikaanza kulia kweli kweli. Wanawake wakaja kunipangusa na vitambaa vyao. Nadhani walifikiri ndivyo sisi tunavyomlilia maiti (sikuwasahihisha, kwa lugha gani?).

Tukarudi garini. Kijiji kikabaki nyuma, mara nikasikia:

"Mama Nasra."

"Labeka."

"Kwa hivyo karamu ya walima hatuingoji?"

Akacheka! Akacheka mpaka akashindwa kuendesha, akaliweka gari pembeni kwenye vile visiki, miwani mkononi, anajipiga paja. Halafu maneno yakamtoka. Akanikumbusha harusi yetu, mjomba wake alivyoparamia sahani ya halua gizani, na mengine mimi nilishayasahau. Alizungumza mpaka mlangoni mwa hoteli. Nilikuwa simjibu, namsikiliza tu, naogopa nikitia neno atanyamaza.

Tukakaa kula chakula cha mchana. Nikamuuliza, "Supu vipi?"

"Nzuri."

Basi. Saa hizi yuko chumbani anatazama televisheni asiyoifahamu, na mimi niko hapa chini nakuandikieni nyinyi.

Sasa tafadhalini, msinicheke. Kunicheka nimemwachia yeye, na kesho, inshallah, nitashuka tena garini kutafuta aibu nyingine.