Gego la Mama Mdogo

Jumatatu, 4 Agosti

Miwani mpya imefika kliniki. Daktari akiivaa, anaona picha ya taya ikielea juu ya shavu la mgonjwa, mifupa na mshipa wa fahamu, kana kwamba ngozi imegeuka kioo. Anataka karani mmoja wa kuingiza picha kabla ya kila upasuaji. Nikanyoosha mkono kabla Tabasamu, dada wa mapokezi, hajameza mate. Akasema nina kiherehere. Wivu tu.

Jumanne, 5 Agosti

Picha ya kwanza ni ya mama mdogo, ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Fomu inasema gego la mwisho la kulia, limelala karibu na mshipa. Kwenye skrini liko kushoto! Fundi wa picha amechanganya mambo. Nikaigeuza kimyakimya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwisha. Daktari alikuwa akimweleza mwanafunzi wake kwamba picha ya taya humtazama msomaji ana kwa ana, kwa hiyo kulia kwa mgonjwa huonekana kushoto. Chai ikanipalia. Tabasamu akauliza kama nimemeza jino.

Picha imeshafungiwa kwenye mtambo. Ni daktari tu anayeweza kuifungua, naye atauliza kwa nini. Nisipomwambia, kesho litang'olewa gego zima, bovu libaki. Nikampigia mama mdogo kumsihi aahirishe. Akasema hajalala tangu Ijumaa, na kama naogopa damu nikakae nje.

Nimepata njia: nitamwekea alama.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilimkuta kwenye benchi. Nikamwambia ni utaratibu mpya, nikamchora mshale mwekundu shavuni. Akanung'unika kwamba tangu utotoni sina adabu na kalamu. Akaingia, mlango ukafungwa. Hapo ndipo akili ikanirudia. Tulikuwa tumetazamana. Nilichora upande wa kulia kwangu! Sasa mshale na picha vimekubaliana, na vyote vimekosea.

Nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Sikuthubutu kuingia. Daktari alishika sindano ya ganzi, akavaa miwani, akainamisha kichwa huku na huku. Akairudisha sindano. Nikamsikia akisema picha inakataa kukaa usoni: ina jino mahali ambapo mgonjwa ana pengo. Akamwomba mama mdogo aguse panapouma. Akagusa kulia. Daktari akauliza, na huu mshale je? Mama mdogo akajibu, "Muulize mwanangu huko nje, ndiye msanii."

Gego lilitoka salama. Mimi niliitwa ofisini.

Ijumaa, 8 Agosti

Kazi ya picha za miwani amepewa Tabasamu. Mimi nimepelekwa stoo kutunza mataya ya plasta, ya juu na ya chini, yaliyofinyangwa kutoka vinywa vya wagonjwa. Nimeambiwa nifute vumbi, basi. Lakini nimegundua uzembe wa kutisha. Mataya yaliyoandikwa JUU yako rafu ya chini, na ya CHINI yako rafu ya juu. Miaka yote hii, hakuna aliyeona. Nimebandua vibandiko vyote nikavibadilisha. Daktari akija Jumatatu atajua ni nani hapa mwenye macho.