Kijiji cha Amani Juu ya Kidimbwi cha Mihogo

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa aliyepata udhuru, Mheshimiwa Kamanda, ambaye walinzi wake nawaomba bunduki zitazame chini kidogo, mababa mapadri, wachungaji, machifu wa milimani na wa bondeni, wamama wakulima, ndugu zetu mliovuka mto Ruzizi kukimbia vita ya Burundi mkatukuta na sisi tumo vitani (kicheko kidogo), na mimi mwenyewe, Hyacinthe, Kordinateri Mkuu wa Tume ya Muda ya Vijiji Vidogo vya Amani, ambaye protokole inanikataza kujisahau: salamu! (Makofi. Kamanda amegeuka kutazama watu, makofi yameongezeka.)

Leo, hapa Lubarika, mwaka huu wa 2001, Tume yangu, baada ya semina kumi na saba zilizofanyika Uvira, zote zikiwa na chakula cha mchana, inawatangazia kwamba nchi jirani haziwezi kupatana zikiwa kubwa hivi, bali yafaa tuchukue watu wachache, Mfuliru wa hapa kwetu, Mrundi na Mnyarwanda, tuwachanganye, tuwape sheria moja na kibao kimoja, na amani itaanzia hapo, ivuke mto yenyewe bila kuonyesha karatasi. (Makofi.) Asilimia tisini na sita nukta nne ya waliohojiwa walikubali, na waliobaki walikuwa bado hawajahojiwa. Wazo hili si la kila mtu. Mimi lilinijia nikiwa naoga.

Ndiyo maana jana wafanyakazi wa Tume walifukia lile shimo la maji yanayonuka lililokuwa hapa katikati, ili tusimike kibao hiki: KIJIJI CHA AMANI. (Mama mmoja: “Patron, ile ni kidimbwi cha mihogo! Yangu iko mule, siku ya tatu leo!”)

Mama, jina lako? (“Bernardine.”) Mama Bernardine, mihogo ya mtu mmoja haiwezi kusimamisha amani ya nchi tatu.

(“Haiko ya mutu moja! Ya Nyandwi iko mule, ule Murundi wa ng’ambo, na ya familia munane. Tunaloweka pamoja, tunalinda kwa zamu. Minye nikienda soko Uvira, yeye anachunga yangu. Sasa batoto batakula nini juma hili?”)

Hapo sasa! Mfuliru na Mrundi kutia mihogo katika maji mamoja bila komite, bila katiba, bila rais wa kidimbwi! Sisi wataalamu tunaita hiyo vurugu. Mlifundishwa na semina gani? (Nyandwi, mzee aliyekunja suruali hadi magotini: “Ya njaa, Patron.” Kicheko kikubwa. Kamanda naye amecheka, kisha amejikaza.)

Katika kijiji chetu kila familia itapata kidimbwi chake, chenye uzio na ufunguo, kwa sababu huwezi kupatana na jirani kabla hujamtenga vizuri. Zitakuwepo nyumba arobaini na nane za bati, zahanati, umeme, na uwanja mdogo wa ndege. (Mama Bernardine ametoka na jembe. Nyandwi amemfuata.) Mama, hapo pamezinduliwa! Mnachimba barabara kuu ya kijiji! Mbona wote mnainuka? Kamanda, walinzi wako wanaenda wapi? (Kamanda: “Na wao wanakula bugali ya mihogo.”)

Basi nimalizie kwa mliobaki, yaani mpiga picha. Amani! (Yanasikika majembe tu.) Vijiji vidogo! (Sauti kutoka shimoni: “Vuta polepole! Huu uko muzima!”) Jirani kwa jirani! (Wanashangilia, lakini ni kwa kapu la kwanza lililotolewa matopeni.)

Asanteni, Lubarika, kwa kuja kupigwa picha. Msisumbuke kufika ofisini kwangu kuuliza nyumba zitajengwa lini: kijiji hiki kilikamilika mwezi jana ndani ya rapoti, wakazi wamekwisha hamia, na sahihi zao ninazo. Kitu kilichokwisha malizika hakiwezi kuanza tena. Dereva, ng’oa kibao, keshokutwa tunakizindua kule Kimanga. Asanteni sana. Na hiyo mihogo, wamama, mnitilie kidogo kwenye gari, huko nyumbani Uvira pia kuna vita na njaa.

(Mama Bernardine, bila kuinua kichwa: “Ya kwako iko mu rapoti, Patron.”)