Kitabu cha Zamu na Msiba wa Babu

Jumanne, 8 Aprili 2025

Kitabu kimefika! Konda wa basi la Biharamulo amenikabidhi pale Benako, kimefungwa kwa kipande cha kitenge kama mtoto mchanga. Kundi letu la WhatsApp lina wasomaji wengi na kitabu kimoja, kwa hiyo kitabu husafiri kwa basi, mtu hadi mtu. Mimi ndiye wa mwisho. Jumamosi jioni nitafungua mjadala wa namna kilivyoisha. Melania wa Nyantakara, fundi cherehani na kiongozi wetu, ameandika kwamba hakuna anayechambua kitabu kama Novatus. Mbele ya watu wote! Ujumbe huo nimeusoma tena na tena. Kitabu bado sijakifungua.

Siri yangu: sijawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Husubiri wenzangu waseme, kisha nasema yale yale kwa maneno makubwa zaidi. Safari hii wameapa kufunga midomo mpaka nianze mimi. Watu hawana huruma. Melania akijua, nimekwisha, maana katika dunia hii ni yeye tu anayeniona mtu wa maana.

Jumatano, 9 Aprili

Renatus ametuma picha. Chai, chapati, runinga mpya. Huyu ni mbadilisha fedha wa Kabanga, anajua kila tamthilia na vitabu anasoma kweli. Tabia mbaya sana. Ameniuliza nimeionaje sura ya saba.

Nimejibu kwa picha. Kikombe cha uji, dirisha, kitabu wazi katikati. Mioyo mingi myekundu ikamiminika. Melania akaandika kwamba ukurasa ule ulimliza. Nikaandika kwamba hata mimi ulinimaliza. Kisha nikaenda kwenye banda la video la Elick, tamthilia ilikuwa imefika pazuri.

Jioni nimesoma kwa bidii. Nimefika ukurasa wa tisa. Hadithi yenyewe inaanza wa saba.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata dawa. Msiba! Mfiwa haulizwi habari za vitabu.

Lakini nani afe? Tuko Kwaresima, sitaki kumwombea mzima mabaya. Nimemchagua Babu Ndikuriyo, baba yake Mama, aliyefariki nikiwa darasa la pili. Amekwisha kufa, kwa hiyo hadhuriki. Nimeandika kwamba tumempoteza babu yetu mpendwa na kwamba siwezi kusoma kwa machozi. Mishumaa ikajaa kwenye simu. Melania ameuliza kwetu ni wapi hasa. Nimemwelekeza vizuri, Kasulo, aulizie mji wa Mzee Ndikuriyo. Adabu tu, nadhani.

Mama sijamwambia. Habari za babu hazitaki. Alizikwa kwenye mvua iliyokata barabara, ndugu wa Kabanga hawakuweza kufika, na tangu hapo mvua ikinyesha mchana Mama hunyamaza mpaka ikatike.

Ijumaa, 11 Aprili

Ole wangu! Kundi la simuni lina miguu.

Nilikuwa bado kitandani nikasikia kilio barabarani. Melania mbele, kitenge kiunoni, ndoo ya maharage kichwani. Nyuma yake wenzetu wa Biharamulo, ambao nilikuwa nawajua kwa picha za vyakula vyao tu, na mkungu wa ndizi. Renatus naye akashuka kwenye bodaboda na mzigo wa kuni! Nilidhani watu wa simuni hulia simuni. Nilisahau kwamba hawa ni watu wa huku, na huku msiba huendewa.

Majirani waliposikia kilio wakaacha majembe shambani, maana penye msiba halimi mtu. Wakajaa uani kuuliza amekufa nani. Melania akasema ni Mzee Ndikuriyo. Mzee Gozbert, jirani yetu, aliyelichimba kaburi lile kwa mikono yake, akauliza kwa upole kama amekufa tena.

Renatus alikuwa amekwisha kufika nyuma ya nyumba. Akarudi kuwaarifu watu kwamba kaburi la juzi lina mgomba uliozaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mama akatokea na jembe mkononi. Nikajua ni langu. Lakini alitazama ndoo, akatazama kuni, akatazama miguu ya wageni iliyojaa matope. Wakampa shikamoo, akasahau kuitikia. Akaketi chini pale pale akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Alipoweza kusema, akasema baba yake alizikwa na watu wasiojaza hata mkeka mmoja, na kwamba miaka yote hii amekuwa akiwangoja wageni. Akawaambia karibuni, mmechelewa lakini mmefika.

Hakuna aliyecheka. Mzee Gozbert alivua kofia. Nami nililia, wala sikuigiza.

Mama akanipa panga nikafyeka majani kaburini peke yangu, watu wakiangalia. Maharage yalipokuwa yanachemka akauliza kile kitabu ni cha nini, na Melania akakichukua amsomee mwisho wake. Akakuta njiti yangu ya kiberiti ukurasa wa tisa. Akanitazama. Kisha akasoma, kwa sauti nzuri, bila kunitazama tena.

Jumamosi, 12 Aprili

Wageni wameondoka. Mama aliwasindikiza hadi barabarani. Aliporudi aliniambia dhambi ni yangu, nikaungame kabla ya Pasaka, na kwamba kama ningemwomba tu, angewaalika yeye mwenyewe.

Jioni mjadala aliufungua Renatus. Aliandika kwamba Novatus amefiwa, tumwache apumzike. Hakunisema! Imeniuma kuliko kusemwa.

Melania hajaandika neno.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeungama. Padri amenipa rozari nzima. Moyo mweupe!

Na konda ameniletea kitabu kingine, chembamba, changu peke yangu, kutoka kwa Melania. Ameandika kwamba nikikimaliza nimpigie tuzungumze, mimi na yeye tu. Nisipokimaliza, nisimpigie tena kamwe. Nafasi hii siichezei. Nimeanza leo leo. Nimepiga picha nzuri, kikombe, dirisha, kitabu wazi katikati.

Kisha Elick akaniita bandani, tamthilia inakaribia mwisho. Muda upo. Na huo muda usipotosha, jioni hii nimemuuliza Mama, kwa unyenyekevu kabisa, kuhusu bibi yangu. Amesema naye alizikwa siku ya mvua.